Sifa za Dumu

Dumu la plastiki la lita 20, lile la njano lililoingia nyumbani na mafuta ya kula, ni mwili wa gitaa usiomdai fundi chochote. Mti sharti ukatwe, upasuliwe, ukaushwe kwa miezi. Dumu liko tayari siku ile ile mafuta yakiisha. Mchwa hawaligusi. Hata marufuku ya mifuko ya plastiki ya Juni 2019 ililiacha salama. Wilayani Serengeti, ambako vijiji vinapakana na Hifadhi ya Taifa na miti ya huko haiguswi, sifa hiyo si ndogo, kwani hakuna sheria inayomkamata mtu kwa kukata dumu. Tena lina uzoefu wa jukwaa. Tembo wakivamia mahindi usiku, wanakijiji hupiga madumu na madebe kuwarudisha porini. Ni ala chache zenye wasikilizaji wa tani tano wanaoondoka kabla wimbo haujaisha.

Watakaolalamika kwamba litungu linadhalilishwa wasilitazame kwa karibu mno. Kinubi hicho cha nyuzi nane cha Wakurya kina bakuli la mti lililowambwa ngozi, lakini nyuzi zake, ambazo zamani zilikuwa kano za mnyama, siku hizi mara nyingi ni nailoni, plastiki iliyobuniwa katika maabara ya DuPont, Marekani, mwaka 1935, na ambayo wavuvi wa Ziwa Victoria huitumia kwenye nyavu na mishipi. Plastiki imeshakaribishwa kwenye sherehe za wazee. Kinachogombaniwa ni cheo tu.

Gitaa linalolifaa dumu ni lile la kulazwa mapajani, lililotokea Hawaii mwishoni mwa miaka ya 1880 na ambalo Joseph Kekuku hutajwa kuwa mwanzilishi wake. Mpigaji habonyezi nyuzi kwenye shingo. Huteleza juu yake na kipande cha chuma, hivyo shingo iliyopinda kidogo haimsumbui. Na hapo plastiki ina nasaba ya kujivunia. Gitaa la umeme la alumini lililouzwa na Rickenbacker tangu 1932 lilikuwa likipoteza sauti yake kwa joto la taa za jukwaani. Mwaka 1935 likaja jingine la Bakelite, plastiki ya Leo Baekeland ya mwaka 1907, nalo likatulia.

Dumu halina ukoo huo wa kutulia, ila lina mengine. Hutobolewa pande mbili kwa kisu kilichopashwa moto, na moshi wake, ambao haufai kuvutwa, hutangaza mtaa mzima kwamba gitaa linazaliwa. Bomba la maji la plastiki hupenyezwa humo liwe shingo. Nyuzi hufumuliwa kutoka waya wa breki ya baiskeli na kuachwa juu kabisa ya shingo. Kama urefu wake unaolia ni sentimita 57, alama ya kwanza huchorwa kwa kalamu sentimita 3.2 kutoka kichwani, na ile ya nusu, inayotoa sauti ile ile kwa juu, kwenye sentimita 28.5. Kipande laini cha bomba la chuma hutosha kutelezea, hata shingo ya chupa ya soda.

Nyuzi sita za gitaa zikikazwa huvuta kwa jumla uzito wa kilo 40 au zaidi, nalo bomba hukubali kwa unyenyekevu, likijikunja siku hadi siku. Fundi mwoga huchomeka nondo ndani yake, na hapo shingo inakuwa ya chuma iliyovaa plastiki. Asiyeichomeka hupata zawadi nyingine: joto likipanda nyuzijoto 20, kila mita ya bomba hurefuka kama milimita moja, kiasi cha mara tano ya chuma. Asubuhi ya baridi ya milima ya Tarime wimbo huwa mmoja, na saa sita juani huwa mwingine, bila gharama ya ziada. Sauti nayo ni hafifu, kwa kuwa plastiki laini humeza mtetemo badala ya kuutoa, jambo ambalo majirani hawajawahi kulilalamikia.

Kasoro moja tu haina utetezi: dumu lililotobolewa halitachota maji tena, na mwenye dumu kwa kawaida hakuulizwa.