Wafungieni, Watasoma

Kuna mchezo ulioanzia Kyoto, Japani, mwaka 2007: watu wanalipa wafungiwe chumbani, wafumbue mafumbo, watoke kabla saa moja haijaisha. Siku hizi maktaba za vyuo vikuu Marekani zimeudaka ili kuwavuta wanafunzi. Namba ya kitabu ndiyo inayofungua kufuli, katalogi ndiyo ramani. Wazo zuri, wallahi. Ila wakituletea sisi, wasihangaike kununua makufuli.

Kwetu fumbo la kwanza liko mlangoni: kitambulisho mkononi, begi nje, chupa ya maji nje, na vikabati vya kuhifadhia mabegi vimekwisha. Ukipenya, katalogi inaapa kwamba fasihi ya Kiswahili iko 896.392. Nenda. Utakuta vumbi na kitabu cha uhasibu. Nakala pekee anayo profesa, aliiazima akiwa bado mhadhiri msaidizi. Atakayeitoa huko bila kufahamiana na katibu muhtasi wake apewe shahada papo hapo, mtihani wa nini tena?

Na hao wanaolalamika kwamba wanafunzi hawaji maktaba, waje wiki ya mitihani, watafute soketi moja iliyo wazi.