Sifa za Mota Inayogoma

Wengine wasifu mwezi na maharusi. Mimi naisifu mota ya sevo inayogoma, tena saa nane za usiku, Changamwe, mashine ya kufunga paketi ikiwa katikati ya oda.

Kwanza ina haya. Mota ya kawaida ikiungua hunuka na kufuka moshi, kila mtu ajue. Hii husimama kimya, na draivu yake ikaonyesha nambari nyekundu basi. Maana ya nambari imo kitabuni, kitabu kimo kabatini, na ufunguo anao mtu anayelala Likoni, ng'ambo ya feri.

Halafu inanipa cheo. Siku zote meneja huniita "wewe wa stima". Mota ikigoma nakuwa "fundi wangu", chai ya maziwa na mahamri naletewa bila kuomba. Vibarua nao hujinyoosha juu ya maboksi, wakiiombea isipone upesi.

Ukaidi wake ndio utamu wenyewe. Niliichomoa kwenye draivu, nikapima U na V, V na W, W na U: omu sawasawa. Nikaleta mega ya kupima insulesheni, volti 500, nyaya za nguvu kwa bodi: safi. (Enkoda, jicho linalosoma mzunguko wa mota, haipigwi mega. Kijana mmoja aliipiga, sote tukajua bei ya enkoda.) Nikashuku plagi, maana upepo wa Kilindini hupaka shaba ukijani, plagi zikang'aa. Nikawasha, ikazunguka kama pia. Nilipokaa tu kumega hamri, ikagoma. Mbele ya fundi ni nzima, fundi akigeuka ni mahututi!

Na elimu je? Enkoda yake ya biti 17 huugawa mzunguko mmoja vipande 131,072. Msomi huyo aliangushwa na uzi mmoja wa shaba, uliokatikia ndani ya waya wa enkoda, pale unapokunjwa na kukunjuliwa kila paketi inapopita. Ganda la nje halikuwa hata na mkwaruzo. Nilibadilishana waya na mashine ya jirani, ugonjwa ukahamia kwa jirani. Nikaenda stoo.

Alfajiri paketi zilikuwa zikipita kama kawaida. Meneja alipita, akanitazama mikono.

"Wewe wa stima, ile taa ya choo umeshaitengeneza?"