Sifa za Firimbi ya Jumamosi

Jumamosi alfajiri, maji ya chai hayajachemka, firimbi inalia chini ya dirisha langu hapa Muyinga, Burundi. Mpulizaji ni nyumbakumi wetu, mzee mwenye pumzi za kijana. Anapuliza mara tatu kutuita kwenye kazi za pamoja, anatega sikio, kisha anarudi mlangoni kwa yule ambaye hajatoka na kupuliza upya. Watoto wachanga wanaamka wakilia. Dereva aliyeingia usiku wa manane akitokea mpakani Kobero anakatwa usingizi. Nimeishi na sauti hiyo miaka mingi, na bado kila ikilia nashtuka. Leo naisifu, na sifa zenyewe zinatoka moyoni.

Adha yake siikatai. Kazi za pamoja zikianza maduka yanafungwa, soko linasimama, na Probox za kwenda Gitega zinangoja mpaka majembe yawekwe chini. Mama anayeuza ndagala hupoteza saa zake bora za siku, na mbeba mizigo anayekula alichopata siku hiyohiyo hupoteza zaidi ya sisi wenye mshahara. Hao wana haki ya kulalamika. Asiye na haki ni yule anayemtuma mtoto wa kazi ashike jembe badala yake huku mwenyewe amelala. Uchafu ni wa nyumba yake, na mgongo unaoinama ni wa mwingine.

Lakini njoo uone mtaro. Mji wetu umekaa mlimani, na nyumba zinaongezeka kuliko mitaro na malori ya taka. Mvua ikinyesha, maganda, majivu na matambara ya waliojenga juu huteremka hadi kwa waliojenga bondeni. Aliye juu hajui. Ametupa, mvua imechukua, ua wake unang’aa. Firimbi ndiyo inayomshusha. Siku moja nilifukua mtaro wa chini nikiwa bega kwa bega na jirani wa juu. Reki yake ikanasa gunia la pumba lenye chapa ya duka lake mwenyewe. Aliliangalia kwa muda, akalikunja, akalibeba mkononi mpaka nyumbani. Tangu hapo sijaona gunia lake mtaroni. Hakuna tangazo la redio ambalo lingefanya kazi hiyo.

Tunafukua pia historia. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku nchini kwa agizo la Agosti 2018, na wafanyabiashara wakapewa miezi 18 ya kumaliza akiba. Bado jembe likizama kidogo inatoka myeusi kwa myeusi, imefumwa na mizizi kama mkeka. Mfuko uliobeba nyanya kwa robo saa umeziba maji kwa miaka. Maji yakiziba hutuama, na Muyinga haihitaji kufundishwa maana ya maji yaliyotuama. Machi 2017, serikali ilipotangaza malaria kuwa janga, mkoa wetu ulikuwa kati ya iliyoumia sana. Waliokesha na watoto wenye homa mwaka ule hawabishani na firimbi.

Jirani zetu nao wana siku zao za kazi za pamoja. Wakongo wa Goma na Bukavu wana salongo. Wanyarwanda wana umuganda, Jumamosi ya mwisho wa mwezi. Tanzania, tarehe 9 Desemba 2015, sherehe za Uhuru zilifutwa na watu wakashika mifagio, Rais Magufuli akiwa miongoni mwao. Siku ile ilikuwa nzuri. Mimi napenda zaidi hii yetu inayorudi kila wiki bila sherehe, kwa kuwa hata mtaro huziba kila wiki. Tena tangu 2025, mikoa 18 ilipofanywa 5, sisi ni watu wa Buhumuza na makao ya mkoa yako Cankuzo. Ofisi imesogea mbali. Mwenye firimbi yuko nyumba ya tatu kutoka kwangu, anajua choo cha nani kimebomoka na bibi gani hawezi kuinama, na huyo bibi hampulizii. Humwachia kazi ya kuwachemshia wengine chai.

Kinachoniuma ni lundo. Tukimaliza, taka zote tunazikusanya kwenye kona, tunaziweka vizuri, tunanawa mikono. Lundo linabaki. Jumatatu kuku wamelichakura, Jumatano mbuzi wamelitawanya, na mvua ya Alhamisi imerudisha nusu yake mtaroni. Watu wametoa asubuhi yao. Mama wa ndagala ametoa kipato chake. Upande wa pili wa mapatano ni lori, dereva, mafuta na shimo la kutupia lililo mbali na visima, na hayo hayawezi kutolewa na mtu mwenye reki. Kuwaita wananchi kila Jumamosi bila kuleta lori ni kuwavunja moyo, na moyo huo ukivunjika hakuna firimbi itakayouamsha.

Kwa hiyo nimemwomba mzee jambo moja. Siku moja ya kazi, isiwe Jumamosi, achukue firimbi yake aende mpaka kwenye mlango wa wenye funguo za lori, apulize mara tatu, atege sikio, kisha apulize upya. Amesema atafikiri. Nimemwambia nitakwenda naye, na mama wa ndagala amesema atafunga meza yake asubuhi hiyo aje nasi.