Yah: Ombi la Kuuondoa Utafiti kwenye Wiki ya Utafiti

Kwa Kamati za Maandalizi ya Wiki ya Utafiti, Vyuo Vikuu vyote nchini Tanzania.

Hongereni kwa maandalizi. Kila mwaka turubai zinazidi kuwa nyeupe, nembo kwenye fulana zinazidi kuongezeka na meza kuu inazidi kurefuka. Kasoro imebaki moja tu: katikati ya shamrashamra hizi bado wapo wanafunzi wenye matokeo ya utafiti, nao wanachelewesha ratiba. Mmejitahidi kuwabana, hilo halina ubishi. Mwanafunzi aliyepima maji ya visima vya mtaani kwao husimama kando ya bango lake tangu saa mbili asubuhi, mgeni rasmi huwasili saa tano, hulitazama bango kwa kadiri mpiga picha anavyohitaji, huuliza, "Unatoka mkoa gani?", husema hongera, kisha huyo, banda linalofuata. Swali la mkoa ni halali, ila jibu lake halihitaji maabara. Kwa hiyo naomba mmalizie mlichokianza: utafiti uondolewe, sherehe ibaki.

Hoja yangu ni ya kubana matumizi. Matokeo ya utafiti huwa na thamani pale anapotokea mtu wa kuyabishia, kuyapima upya, akayakubali au akayatupa. Kama mtu huyo hakualikwa, bango lenye takwimu na kitambaa cha kupambia ukumbi vinafanya kazi ileile, na kitambaa ni rahisi zaidi. Mwenye shaka amkumbuke Erasto Mpemba. Mwaka 1963, akiwa kidato cha tatu katika shule ya sekondari Magamba, aliweka maziwa ya aiskrimu kwenye jokofu yakiwa bado moto, yakaganda mapema kuliko ya mwenzake yasiyochemshwa. Alipotaka kujua sababu, mwalimu alimwambia amechanganya mambo, jambo hilo haliwezekani. Baadaye, akisoma shule ya sekondari Mkwawa, Iringa, alimuuliza Denis Osborne, mhadhiri wa fizikia kutoka chuo kikuu cha Dar es Salaam aliyekwenda kuzungumza na wanafunzi, wenzake wakacheka. Osborne hakumuuliza mkoa. Alirudi Dar es Salaam, akaagiza jambo hilo lifanyiwe jaribio, na mwaka 1969 jarida la Physics Education likachapisha makala yenye majina yao wawili. Wanafizikia wanabishana hadi leo kama jambo lenyewe lipo kweli, na ubishi huo ni heshima ambayo cheti cha ushiriki hakijawahi kumpa mtu. Mkutano ule wa Mkwawa mngeuandaa ninyi, kijana yule angeondoka na fulana.

Mtajibu kwamba utafiti wa mwanafunzi ni zoezi la kujifunza tu, si wa kutegemewa. Basi mbona kwenye mabango ya barabarani mnauita suluhisho la changamoto za jamii? Tena historia haiko upande wenu. Mwaka 1970 jarida la wanafunzi wa Dar es Salaam, Cheche, lilitoa uchambuzi wa mapambano ya kitabaka nchini ulioandikwa na Issa Shivji, wakati huo mwanafunzi wa sheria. Mwaka huohuo jarida likapigwa marufuku. Simwombei mwandishi yeyote marufuku, lakini walau ilionesha kwamba kuna mtu amesoma. Tasnifu za siku hizi hazina hatari hiyo: zinajalidiwa kwa jalada gumu, zinapangwa rafuni, na amani inatawala.

Pingamizi lenye uzito ni la fedha. Ukata wa utafiti hamkuuleta ninyi. Lengo la Umoja wa Afrika la kutenga asilimia 1 ya pato la taifa kwa utafiti bado liko mbali kwa nchi nyingi, na waziri akija na kamera huenda akaacha ahadi. Sawa, aje. Lakini mwanafunzi asipoulizwa kwa nini amepima visima vichache hivyo, waziri atajuaje kwamba kilichokwamisha ni kemikali, au nauli ya daladala, au kifaa kimoja kinachogombewa na darasa zima? Anachooneshwa ni bango lililochapwa kwa rangi nzuri, lisilo na shida yoyote, na asiye na shida hasaidiwi.

Ikiwa hata hivyo mtang'ang'ania kuubakiza utafiti, toeni viti viwili meza kuu. Kimoja apewe mtu wa mamlaka ya maji, aulize kisima kipi, msimu gani, kwa kipimo kipi. Kingine apewe mkazi anayechota kwenye kisima hicho, na maelezo yote ayasikie kwa Kiswahili, kwa kuwa ndiye atakayeyanywa hayo maji jioni. Wote wawili wapewe muda uliokuwa wa ngoma (wacheza ngoma walipwe posho yao kamili, hawana kosa). Na mgeni rasmi akichelewa, anzeni. Akifika awakute kwenye maswali, atafutiwe nafasi nyuma, na akitaka kuchangia anyooshe mkono.

Wenu katika ujenzi wa taifa,
Mlipakodi