Mshale Uliopotea Miongoni mwa Nyumbu

Chombo kilichofanywa ili kuonyesha vitu vingine, kinapotoweka chenyewe, humtia mwenye nacho katika udhia usio kifani, maana hana tena cha kumwonyesha kilipo. Udhia huo ulinifikia Mugumu, makao makuu ya wilaya ya Serengeti, katika duka ninamopiga chapa barua na hati za watu, wakati wazee wawili, mmoja wa papo hapo na mwenziwe aliyevuka Mto Mara kutoka Tarime, walipokuja niwaandikie hati ya mauziano ya ng'ombe.

Kompyuta yangu hutumia Linux, mfumo ulioanzishwa na Linus Torvalds mwaka 1991, ambao fundi mmoja alinitilia kwa hoja kwamba hutolewa bure, na kwamba virusi vinavyosafiri ndani ya flashi za wateja aghalabu haviupati. Hoja zote mbili zilisadifu. Lakini mpwa wangu, kwa mahaba ya wilaya yake, aliipamba skrini kwa picha ya nyumbu wakivuka mto pale Kogatende, weusi, wamesongamana, pembe zimeelekea kila upande. Kisha, ili mapambo yapatane, akaufanya na mshale wa kipanya kuwa mweusi. Skrini ile ina nukta 1,366 kwa upana na 768 kwa kimo, jumla zaidi ya milioni moja, na nyumbu wa Serengeti nao hukadiriwa kupita milioni. Mshale ulikuwa na kimo cha nukta 24 tu.

Mzee wa Mugumu, aliyepata kuwa askari wa hifadhi katika ujana wake, akavaa miwani, akalikagua kundi zima ukingo hata ukingo, akatoa taarifa ya mamba wawili na pundamilia mmoja ambao sikuwahi kuwatambua, ila mshale hakuuona. Mwenziwe akanishauri nikitikise kipanya. Nikakitikisa, na kitu fulani kikapita mbio baina ya kwato, kisha kikatulia pasipojulikana.

Dawa ilikuwa katika mipangilio ya kipanya, nayo mipangilio, kwa desturi, hufunguliwa kwa mshale ule ule. Ilinibidi nipite njia ya kibodi: nikabonyeza kitufe chenye alama ya Windows, ambayo hudumu katika kibodi hata baada ya mwenyewe kuhamishwa nyumbani, orodha ikafunguka, nikaandika jina la kipanya kwa Kiingereza, nikaingia, nikasogea hatua kwa hatua kwa kitufe cha Tab hata nikalifikia chaguo ambalo, likishawashwa, kitufe cha Control huchora duara kuuzunguka mshale popote uwapo. Nikakibonyeza. Duara zikatokea nyuma ya nyumbu wa mwisho, na askari mstaafu akadai kwamba pale ndipo alipokuwa akipashuku tangu mwanzo. Kwa hadhari, nikaukuza mshale hadi kikomo cha ukubwa.

Tuliporejea kwenye hati, mshale ulisimama, mnene na mweusi, juu ya jina la mzee wa Tarime, mwuzaji.

"Mwanangu," akasema, "ng'ombe sijamtoa bado, nami nimekwisha elekezewa mshale?"

Nikamweleza kwa taadhima kwamba hauchapwi katika karatasi. Akanisikiliza hadi mwisho, akakubali, kisha akaagiza kwamba, maadamu hauna madhara, uhamishiwe kwenye jina la mnunuzi, ambaye alikuwa hajalipa.