Ukiingia Katindo na Diploma Mkononi

Karibu Katindo, hapa Goma, ndugu msomi. Kabla hujashuka kwenye pikipiki, ficha bahasha yenye diploma yako ndani ya shati. Motari akiiona atakuuliza umesomea nini, utamjibu, naye atakuambia kwa upole kwamba ana lisansi ya sheria. Usimpe pole. Mlipe faranga zake.

Goma haina upungufu wa vyuo: kuna Chuo Kikuu cha Goma, ULPGL, ISIG, ISC na ISP. Zamani ilikuwa miaka 3 ya graduwa na 2 ya lisansi. Mfumo wa LMD (lisansi, masta, doktora) umegeuza majina, karo imebaki karo. Sherehe ya kumaliza usiikose. Utamwagiwa poda nyeupe kichwani hadi mama yako akutambue kwa viatu.

Kisha soma matangazo ya kazi za ONG, mashirika yasiyo ya kiserikali. Wanataka lisansi, Kifaransa, Kiingereza na uzoefu wa miaka 5, kwa kijana aliyetoka auditwari juzi. Hapo tafuta mwavuli. Mwavuli wa hapa haukingi mvua: ni mjomba, ni papa wa kanisani, ni yaya mmoja ambaye akipiga simu bahasha yako inatoka chini ya rundo na kupanda juu. Ila tangu waasi wa M23 wauteke mji Januari 2025, benki na uwanja wa ndege vikafungwa na mashirika mengi yakapunguza watu, wenye mwavuli na wasio nao wamekutana kwenye meza za kuuzia yunite za simu.

Hapo watu watakunong'oneza Ibara ya 15: ujidebruye, yaani ujitafutie mwenyewe. Usiitafute katika Katiba ya 2006. Humo ibara hiyo inazungumzia jambo lingine kabisa.

Pita pia kwenye mzunguko wa Chukudu. Mji ulipotaka kumweka mtu juu kama sanamu na kumpaka rangi ya dhahabu, haukumchagua mwenye toga, ulimchagua msukuma chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo. Lakini usikimbilie kuchana diploma. Msukuma chukudu wa kweli, anayeteremka na viazi kutoka Kibumba huku breki yake ni kandambili, ukimuuliza pesa inakwenda wapi atakujibu: karo ya watoto. Ukimwambia shule haina faida, atakuona mgonjwa.

Ukitaka kutibu watu au kusimama mahakamani, diploma ni lazima, usidanganywe na mtu. Ukitaka tu kula vizuri Katindo, anza kuuza kitu leo, huku ukisubiri ONG ikujibu.