Mwongozo kwa Shabiki wa Korogwe na Handeni Anayetaka Msanii Wake Ale

Vifaa vinavyohitajika: masikio mawili, simu yenye bando, noti ndogondogo na mdomo usioogopa kuuliza. Subufa si lazima, na majirani watashukuru. Mwongozo huu unawahusu watu wa Manundu, Mombo, Magoma, Chanika, Mkata na Kabuku, na yeyote anayejiita shabiki namba moja wa msanii ambaye hajawahi kumpa hata mia.

Hatua ya kwanza: acha kuwasema vijana, kwanza jua historia

Kabla hujasema muziki wa siku hizi umeharibika, rudi kwenye mkonge. Mashamba ya Magunga, Ngombezi, Hale na Mazinde yalivuta vibarua kutoka bara, nao hawakuja na mapanga tu. Walikuja na ngoma, na baadaye wakashika magitaa. Bendi ya Jamhuri Jazz ya Tanga ilianza kwa jina la Young Nyamwezi, na jina hilo linakuonyesha damu yake ilikotoka. Mjini humohumo kulikuwa na Atomic Jazz. Vikundi vya Black Star na Lucky Star viliingiza magitaa kwenye taarabu, na humo ndimo alimokulia kisanaa mwimbaji Shakila Saidi, binti wa Pangani aliyefariki mwaka 2016.

Sasa uliza walikula nini. Redio ya Bara ilikuwa moja, Redio Tanzania Dar es Salaam. Bendi ilirekodi kwenye studio za redio, wimbo ukapigwa nchi nzima, kanda ikabaki kwenye rafu za redio na wapigaji wakarudi kusubiri dansi la Jumamosi wapate cha kiingilio. Kiwanda cha kufyatua santuri hatukuwa nacho. Aliyetaka sahani alitazama Nairobi. Ndiyo maana Wilson na George Peter Kinyonga walitoka Jamhuri Jazz, wakaunda Arusha Jazz mwaka 1970, na mwaka uliofuata wakavuka kwenda Kenya, ambako tukaja kuwajua kama Simba Wanyika. Barabara ya Tanga kwenda Arusha inapita Korogwe. Vipaji vilipita hapo mbele ya stendi vikifuata mahali pa kulipwa, na sisi tukabaki kuvisikia kwenye redio za Wakenya.

Kwa hiyo ukimwambia kijana wa leo kwamba wazee hawakujali pesa, unawasingizia wazee. Walizijali sana. Hawakupewa.

Hatua ya pili: tuma linki, usitume faili

Hii ndiyo hatua ninayokuomba uisome mara mbili, kwa sababu haihitaji fedha yoyote zaidi ya bando ulilonalo.

Kijana wa Chanika ametoa wimbo. Amelipia studio, amelipia biti, amempa mpiga picha hela ya video waliyopigia kwenye matuta ya mahindi kule Misima. Ameuweka YouTube. Wewe umeupenda, na kwa mapenzi hayohayo unaupakua, unaugeuza faili, unaurusha kwenye kundi la WhatsApp la ukoo, la msikiti, la vikoba na la waliosoma pamoja. Jioni kila mtu wilayani anauimba. Kwenye hesabu ya msanii hakuna kilichoongezeka, kwa sababu faili linalozunguka kwenye makundi halihesabiwi popote.

Ili YouTube ianze kumgawia mtu mapato ya matangazo, kwa njia ya kawaida anatakiwa kuwa na watu 1,000 waliojisajili kwenye chaneli yake na saa 4,000 za kutazamwa ndani ya miezi 12. Saa 4,000 ni dakika 240,000. Wimbo wa dakika nne unatakiwa kutazamwa wote, mwanzo mpaka mwisho, mara 60,000. Kwa msanii wa Dar es Salaam mwenye lebo, meneja na kiki ya kila wiki, hiyo ni kazi ya siku moja. Kwa kijana wa Handeni ni mlima wa Usambara, na anaupanda akiwa amekubeba wewe uliyetuma faili. Spotify nao, tangu 2024, hawalipi chochote kwa wimbo ambao haujasikilizwa walau mara 1,000 ndani ya mwaka. Mara 1,000 si nyingi. Watu 50 wa kijiji kimoja wakisikiliza mara 20 kila mmoja, kimekwisha. Harusi moja ya Mkata ina watu kuzidi hao.

Basi tuma linki. Bonyeza kujisajili. Ukimaliza, mshike mkono shangazi yako naye abonyeze, maana ana simu nzuri kuliko yako na anaitumia kutazama mahubiri tu.

Hatua ya tatu: kibanda cha kuingiza nyimbo

Utakikuta sokoni: kompyuta moja, spika moja, kijana mmoja anayekujazia nyimbo kwenye memori kadi au flashi kwa bei ya soda. Wapo wanaotaka vibanda hivi vifungwe. Mimi sioni kosa la mkata mkonge anayetaka nyimbo za kumsindikiza shambani ambako mtandao haushiki. Kosa ni nyimbo kupoteza majina njiani. Zinaingia kwenye kadi zikiitwa "Track 07" au "Mix Kali Mpya", na mwenyewe hajulikani tena. Mwambie kijana wa kibanda aandike jina la msanii na jina la wimbo, na usimlipe mpaka aandike. Jina likibaki, siku msanii akija uwanjani utajua kuwa ndiye huyo uliyekuwa ukimsikiliza miaka mitatu.

Hatua ya nne: muulize mwenye baa

Hapa ndipo panapohitaji ule mdomo. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki Namba 7 ya mwaka 1999 haitofautishi Masaki na Manundu. Anayetumia muziki kuvutia wateja, iwe baa, hoteli, saluni au basi la Arusha linalokwenda na video tangu Segera hadi Same, anatumia mali ya mtu kwenye biashara yake. Anailipia bia, analipia umeme, analipia kuku. Muulize kwa upole, bia ikiwa mezani: "Bosi, leseni ya muziki unayo?" Atacheka. Muulize tena wiki ijayo.

Swali hilo lina uzito. Mwaka 2016 Mahakama ya Wilaya ya Ilala iliamuru kampuni moja ya simu iwalipe wasanii AY na Mwana FA zaidi ya shilingi bilioni mbili kwa kutumia nyimbo zao kama miito ya simu bila ridhaa yao. Kampuni ilikata rufaa, na kesi haikuwa nyepesi, lakini wasanii wengi siku ile ndipo walipoona kwamba wimbo ni mali inayoweza kusimama mahakamani. Mwana FA ni jirani yetu, mtoto wa Muheza. Mwaka 2020 akawa mbunge wa jimbo hilo, na mwaka 2023 akateuliwa Naibu Waziri kwenye wizara inayoshughulikia sanaa. Aliyewahi kudai haki yake akapewa kiti upande unaopaswa kuwalinda wengine, na sisi wa wilaya za jirani tuna haki ya kumkumbusha kila anapopita na msafara.

Januari 2022 COSOTA, taasisi ya serikali ya hakimiliki, iligawa mirabaha ya takriban shilingi milioni 312 kwa wasanii zaidi ya 1,000 ambao kazi zao zilichezwa kwenye vyombo vya habari. Nilifurahi, na furaha hiyo siifichi, maana kwa wengi ilikuwa mara ya kwanza redio kuwalipa badala ya wao kumpa mtangazaji chochote ili wimbo upigwe. Kisha nikagawa. Wastani ni kama laki tatu kwa mtu. Haitoshi hata kurekodi na kupiga video moja ya maana. Mabaa na mabasi yote ya barabara hii yakilipa, hesabu itabadilika.

Hatua ya tano: pleibeki

Nyota akija kwenye uwanja wa mpira, akasimama juu ya lori na kurukaruka huku wimbo wake ukijiimba wenyewe kwenye spika, usipige makofi. Umelipa kiingilio umsikie yeye. Kaa kimya mpaka aimbe.

Na mwandaaji asikwambie kwamba hapa kwetu hakuna wanaoweza kupiga kitu kwa mikono. Wazigua wana ngoma ya selo, Wasambaa wana mdumange, na hakuna kati ya hizo inayohitaji flashi. Mara nyingi wapiga ngoma hawa huitwa kupokea kiongozi, wanapigishwa juani kwa saa nne, kisha wanapewa soda na kofia. Dai walipwe siku hiyohiyo, kwenye jukwaa lilelile.

Wala usikubali kuambiwa kwamba ili wimbo uende mbali, kijana wa huku lazima aige lafudhi ya Sinza na kuweka amapiano hata kwenye wimbo wa msiba. Wagosi wa Kaya walitoka Tanga, wakachana kwa lafudhi ya Tanga kuhusu shida za Tanga, na Tanzania nzima ikasikiliza "Wauguzi". 

Hatua ya sita: kutunza

Katika mifumo yote ya kumlipa msanii iliyowahi kubuniwa, sijaona unaoushinda ule wa kwenye taarabu. Mwimbaji anafika kwenye ubeti unaokugusa, unainuka na noti yako, unacheza taratibu hadi mbele, unamtunza mkononi, ukumbi mzima unakuona, na mwenye habari zake anajua ujumbe umemfikia. Hakuna lebo iliyokata asilimia, hakuna mtandao uliosubiri wimbo usikilizwe mara 1,000. Pesa imetoka kwa aliyeguswa ikaenda kwa aliyemgusa.

Hilo linawezekana kwa simu, leo, kwa shilingi mia tano. Kijana akitoa wimbo mwambie aweke namba yake ya kupokea pesa chini ya video, na jina la usajili, ili watu wasitume kwa tapeli. Ukiupenda wimbo, tuma. Kisha mpigie umwambie ni ubeti gani uliokuinua, kwa sababu hilo nalo halimfikii kupitia mtandao wowote. Kama namba haipo, muulize. Handeni si kubwa kiasi hicho. Mama yake anauza vitumbua karibu na stendi.